Nilivyounga miwani yangu, na nilivyoiharibu kwanza

Ilikatika Jumanne usiku, tarehe 9. Kwa mtumishi anayesubiri mshahara, tarehe 9 iko mbali na mwisho wa mwezi kuliko kalenda inavyosema. Nilikuwa nimejilaza kitandani nasahihisha madaftari ya kidato cha tatu, usingizi ukanipitia, miwani ikateleza ubavuni. Nilipogeuka nikasikia "ta". Wala haikuwa sauti kubwa, kama njiti ya kiberiti tu. Nikapapasa nikapata kioo kimoja na mkono wake. Cha pili nilikuwa nimekilalia. Imekatika katikati, pale inapokalia pua.

Macho yangu ni hasi tano, yote mawili. Kwa asiyevaa miwani nieleze hivi: kitu kikishavuka sentimita 20 kutoka usoni pangu kinaanza kuwa ukungu. Nafundisha fizikia hapa Tanga, na kila mwaka nawaandikia wanafunzi ubaoni kwamba nguvu ya lenzi ni moja gawanya kwa urefu wa fokasi kwa mita. Moja kwa tano ni 0.2, ndizo hizo sentimita 20. Hilo nalitaja mapema ili ukifika huko mbele ucheke vizuri.

Miwani ile niliinunua miaka miwili nyuma, fremu 70,000, vioo 90,000. Usiku ule mfukoni nilikuwa na 12,000, na za gesi zilikuwa humo humo. Kwa hiyo sikuwaza mara mbili. Nikamgongea jirani mwenye duka kabla hajafunga, nikanunua kijitubu cha supaglu kwa 1,000, nikarudi nikakaa mezani na tochi ya simu.

Hapa mwenye macho ya hasi ana faida moja ambayo wenzake hawana: bila miwani, vitu vya karibu anaviona barabara. Nilikileta kile kipande hadi puani nikauona mpasuko wote, jinsi plastiki ilivyochanika kwa mawimbi, rangi ya kahawia imepenya mpaka ndani. Nikapaka gundi upande mmoja, nikabandika, nikahesabu hadi thelathini. Ikashika! Nilijiona fundi. Nikaikunja miwani, nikaiweka ndani ya kasha lake, nikalifunga ili ilale salama mpaka asubuhi.

Lile kasha ndilo lililoniponza. Supaglu ikiwa inakauka inatoa mvuke, na mvuke ule ukikutana na unyevu wa hewa unaganda popote ulipotua. Tanga unyevu hatuununui. Nikaufungia mvuke ndani ya kasha pamoja na vioo usiku kucha. Asubuhi kioo cha kulia, upande wa puani, kilikuwa na utando mweupe kama kimepuliziwa unga wa chaki. Nikapangusa kwa kitambaa, wapi. Kwa maji na sabuni, wapi. Ndipo nikachukua chupa ya mama watoto, ile dawa ya kutolea rangi ya kucha, nikachovya pamba.

Utando ulitoka kweli. Dakika chache baadaye, kwenye kona ile niliyoisugua, kioo kikaanza kufanya nyufa nyembamba nyembamba kama utando wa buibui. Na fremu pale pamba ilipoigusa ilipoteza mng'aro, ikawa inanata kidoleni. Ndani ya dawa ile mlikuwa na asetoni. Vioo vyangu vilikuwa vya policabonati, plastiki ngumu isiyopasuka hata ukiiangusha, lakini asetoni ndiyo adui yake. Kosa lile la sekunde kumi ndilo ghali kuliko yote katika habari hii: kioo kimoja baadaye kilinigharimu 45,000. Kwa hiyo kama utachukua neno moja tu kwangu, chukua hili. Kabla ya gundi yoyote, toa vioo kwanza. Ukiona uvivu kuvitoa, basi usiunge.

Nikaenda kazini hivyo hivyo. Kipindi cha pili nikaanza kuhisi sakafu ya darasa imeinama kushoto. Kipindi cha nne kichwa kinanigonga nyuma ya macho. Siku iliyofuata hali ileile, na kichefuchefu juu. Mama watoto akasema hiyo ni malaria, nami nikakubali, nikaenda zahanati nikapima. Hakuna kitu. Nikanywa vidonge vya maumivu nikaendelea. Siku ya tatu, wakati wa chai ofisini, nikaivua miwani kwa mkono mmoja, kama nilivyozoea, kwa kuivuta mkono wa kulia pembeni. "Ta." Ileile.

Sasa nilipokaa na vipande viwili mkononi, hasira ikanigeuza mwanafunzi. Nikachukua rula. Ndani ya mkono wa miwani kuna tarakimu ndogo sana ambazo nilizivaa miaka miwili bila kuzisoma: 52, kijisanduku, 18, halafu 140. Ni milimita. 52 ni upana wa kioo, 18 ni nafasi kati ya kioo na kioo pale puani, 140 ni urefu wa mkono. Nikavirudishia vipande kwenye alama za gundi yangu ya usiku, nikapima. Kioo cha kulia kilikuwa kimeshuka milimita 2 chini ya mwenzake.

Milimita 2 ni kitu gani? Kwa mwenye macho ya hasi nusu, si kitu. Kwangu mimi, hesabu yake ni sentimita mara nguvu ya lenzi: 0.2 mara 5, prizimu moja, ndicho kipimo cha mwanga unavyopindishwa. Lenzi yenye nguvu ukitazama nje ya kitovu chake inapindisha mwanga kama prizimu. Macho yanavumilia kiasi yakivutwa pembeni, ila moja likivutwa juu na lingine chini hayana subira hata kidogo. Siku mbili nzima misuli ya macho yangu ilikuwa inapambana kuzileta picha mbili ziwe moja, na mimi napima malaria. Mwalimu wa fizikia!

Pale ndipo nilipoelewa kazi ya fremu. Nilikuwa nadhani ni kitu cha kubebea vioo, kama fremu ya picha ukutani. Kumbe ni kipimo, na supaglu kwa kuwa inashika haraka hivyo, inalishika na kosa lako haraka hivyo hivyo.

Jumamosi nikaenda Ngamiani kwa fundi miwani mmoja. Nilikuwa na matumaini atanipatia fremu nyingine ya kuhamishia vioo vyangu. Alijaribu mbili tatu, vioo havikuingia. Akanieleza kwamba namba 52 peke yake haitoshi, umbo la kioo nalo lazima lifanane, na kioo kikubwa anaweza kukisaga kipungue, lakini kidogo hawezi kukiongeza. Sikununua kitu kwake, na bado alinipa darasa la bure, nami namshukuru.

Kwanza, plastiki za miwani zinatofautiana kama kuni na mawe. Kuna asetati, inayotengenezwa kutokana na nyuzi za pamba au miti, ile nzito kidogo yenye rangi iliyopenya hadi ndani, na mara nyingi ukitazama mkono wake kwenye mwanga unaona waya umelala katikati. Hiyo inaungika. Na kuna za naironi, nyepesi, unaweza kuukunja mkono wake ukarudi wenyewe bila kukatika. Hizo watu wanazipenda kwa sababu hazivunjiki ovyo, ila siku zikivunjika gundi haizikamati. Inakauka juu juu halafu inabanduka kama gamba. Miwani ya kusomea ya mama mkwe wangu ni ya namna hiyo, na imeshakula gundi za kutosha.

Nilipomuuliza ya kwangu ni ipi, akacheka. "Si umesema asetoni imeifanya inate? Basi ni asetati, mwalimu. Umeshaipima bila kujua." Ukitaka kupima kwa akili kuliko mimi, dondosha tone dogo la asetoni kwa ncha ya kijiti cha meno, upande wa ndani wa mkono, karibu na sikio ambako hapaonekani na mtu. Ikinata na kufifia, yaelekea ni asetati. Ikibaki kama ilivyo, kuna uwezekano mkubwa ni naironi, na usijisumbue na gundi. Vioo viwe vimeshatolewa. Narudia.

Nikamwuliza pia kama niiyeyushe kwa asetoni nibandike, kwa kuwa nimesikia watu wakifanya hivyo. Akasema kwa asetati inawezekana, vipande vinayeyukiana, lakini mahali penyewe panabaki laini siku kadhaa na panapungua kimo pakikauka. Kwa pua inayobeba vioo vizito, hakunishauri.

Jumapili nilijaribu njia niliyodhani ni ya kitaalamu: kutoboa tundu kila upande wa mpasuko na kupitisha kijiwaya katikati, kama msumari wa siri wa seremala. Niliishika sindano kwa koleo nikaichoma kwenye mshumaa nikatoboa. Matundu yalitoka, ila hayakutazamana. Waya ukiingia upande huu, upande wa pili unainuka. Nilijaribu mara tatu nikawa nimeubakisha ule mfupa wa puani kama jibini lililoliwa na panya, na harufu ya plastiki ndani ya nyumba ikamtoa mama watoto nje na mtoto mgongoni. Kama huna keekee ndogo na mahali pa kubania kazi, achana nayo.

Iliyofaulu ilitoka kwa fundi baiskeli. Hapa kwetu baiskeli ni nyingi, na fundi baiskeli ni mtu wa kuulizwa mambo. Nilimpelekea vipande nikitaka tu anipe kijiwaya cha breki. Akavigeuza akasema: "Hii ni kama mfupa, mwalimu. Mfupa hautobolewi ndani. Unafungwa gango kwa nje." Akanikatia kipande cha msumeno wa chuma, kirefu kama kidole, akanizungushia kitambaa upande mmoja niwe na pa kushika.

Kazi yenyewe ilienda hivi. Jioni nilichemsha maji nikayachanganya na ya baridi mpaka mkono ukavumilia, nikavitia vipande dakika moja au mbili ili asetati ilainike. Maji ya moto sana yanaharibu vile vipako vya juu ya vioo, kwa hiyo mkono wako ndio uwe kipimajoto. Nikasukuma kila kioo kwa dole gumba kutoka nyuma kwenda mbele, kikatoka. Nikavitia alama za kulia na kushoto kwa kalamu ya wino mzito, pamoja na mshale wa juu, nikavifungia kwenye soksi safi mbali na meza. Alama hizo usizidharau. Mwenye astigimati, yaani ambaye kioo chake kina nguvu tofauti upande na upande, akikirudisha kimezunguka kidogo, atarudi kwenye kupima malaria kama mimi.

Gundi ya zamani niliikwangua kwa wembe na msasa laini. Polepole, maana kila milimita unayoila hapo inavisogeza vioo karibu, na zile 18 zinakuwa 17. Kisha nikapangusa kwa spiriti kuondoa mafuta ya pua.

Nikakanda unga wa ngano mgumu kidogo kuliko wa chapati, nikautandaza juu ya kibao, nikaufunika kwa nailoni ya jalada la daftari ili fremu isishike unga. Nikavilaza vipande humo, uso ukiwa chini, nikavizamisha kidogo. Unga unashika bila kubana, na unakubali kusogezwa. Nikaweka rula ikigusa juu ya vipande vyote viwili, nikapima 18, nikasogeza, nikapima tena. Hapo nilikaa karibu saa nzima, kichwa nimekiinamisha hadi pua inagusa unga. Mama watoto akasema nimekuwa kama mtu anayenusa maandazi.

Nilipoona pamekaa, nikatia tone moja tu la supaglu katikati ya mpasuko. Ndiyo, ileile. Safari hii sikuitegemea ibebe kitu. Ilikuwa ya kushikiza tu, kama fundi cherehani anavyopiga bandi kabla ya kushona. Dirisha wazi, na uso nimeurudisha nyuma, kwa sababu gundi hii jichoni si mchezo. Ikiruka ikaingia, osha kwa maji mengi ya vuguvugu uende hospitali, wala usijaribu kufumbua kope zilizogandana kwa nguvu. Na tubu yake usiiweke kabati moja na dawa ya macho. Vinafanana mno kwa mtu asiyeona.

Baada ya nusu saa nikakata mfereji kwa kile kipande cha msumeno, upande wa nyuma unaotazama pua, ukivuka mpasuko kutoka kulia kwenda kushoto. Fremu yangu hapo ina unene wa milimita 4. Nilikata kina cha milimita moja na nusu, urefu kama 14. Meno ya msumeno wa chuma yanaacha upana wa karibu milimita moja, na klipu ya karatasi ina unene karibu huo huo. Nikainyoosha klipu, nikakata kipande, nikakisugua kwa msasa kipate mikwaruzo, kikalala ndani ya mfereji kama reli.

Gundi ya kufunikia ilikuwa ile ya mirija miwili, epoksi, ambayo mafundi wengi huiita Araldite hata ikiwa ya kampuni nyingine. Nililipa 4,000. Zipo za dakika tano na zipo za kulaza siku nzima. Chukua ya kulaza, ndiyo yenye nguvu. Kiasi sawa kwa sawa kutoka kila mrija, changanya kwa njiti dakika mbili bila kuchoka, maana isipochanganyika vizuri haikauki kamwe, na epoksi mbichi inawasha ngozi. Mimi nilitia na unga wa mkaa uliosagwa, chembe tu, ili ifanane na rangi ya fremu. Nikaujaza mfereji, nikafunika waya, nikaiacha juu ya kabati saa 24.

Hizo saa 24 ndizo sikuzipangia. Jumatatu nilikwenda kazini kwa miguu kwa sababu baiskeli bila macho ni kujitafutia ajali. Darasani mabenchi ya nyuma yalinijua kabla sijafungua mdomo. Lakini lililoniumiza lilikuwa njiani. Nilimpita mzee wa mtaa wetu, rafiki wa marehemu baba, amekaa barazani kwake hatua nne kutoka kwangu, bila shikamoo. Kwangu alikuwa rangi ya kanzu iliyoegemea ukuta. Jioni nikasikia kwa watu: mwalimu siku hizi ana kiburi, hasalimii. Nilirudi usiku ule ule na vipande vya maneno yangu na tochi, nikamweleza. Alinisikiliza, akasema, "Haya mwanangu, nimekusamehe, lakini ukiwa huoni, sema shikamoo hata kwa ukuta."

Jumanne jioni nikaifungua. Nikasugua kwa msasa laini wenye maji mpaka kidole kikapita bila kukwaruzika. Nikairudishia vioo kwa maji ya vuguvugu. Kisha jaribio la mwisho ambalo fundi miwani alinifundisha: fungua mikono yote miwili, igeuze miwani kichwa chini juu ya meza iliyonyooka. Mikono yote miwili na ukingo wa juu wa vioo vyote viwili vitue mezani kwa pamoja. Ikiyumba kama stuli mbovu, bado. Yangu iliyumba kwa unene wa karatasi, nikaulainisha mkono mmoja kwa maji ya moto nikaukunja kidogo. Sakafu ya darasa ikanyooka.

Ilidumu miezi saba, nikiivua kwa mikono miwili kila siku bila kusahau, kabla sijapata fedha ya fremu mpya. Haikukatika, iko kwenye droo ya ofisi mpaka leo, ndiyo akiba yangu. Hesabu yote: gundi mbili 5,000, msasa 500, zahanati 3,000, na kile kioo cha 45,000 nilichokichoma mwenyewe kwa pamba. Bila kile kioo ningeimaliza kwa chini ya 10,000. Kwa mtoto, au kwa anayeendesha gari usiku, nisingeunga. Ningekopa nikanunua. Na bawaba ikiwa imeng'oka na nyama ya plastiki, hapo nawaachia mafundi. Nilijaribu ya mwalimu mwenzangu na nikaimalizia kabisa.

Wiki iliyopita yule mzee alinitumia mjukuu wake niende. Nikamkuta barazani, nikamwamkia kwa sauti ya kusikika mpaka msikitini. Akatoa mfukoni miwani iliyofungwa uzi mweusi katikati, vioo vyeupe kama vimetiwa chokaa.

"Shikilia hapo, usiniambie," nikasema. "Supaglu?"

"Mara tatu," akasema. "Na nikaifungia kwenye kasha ilale."